Tulipojibu Amina kwa Hadithi ya Mtamba

Namshukuru Mungu, aliyeita mwanga ukaja kabla hapajawa na jicho la kuuona, akaiinua milima hii ya Buha, nchi yetu Waha, na kuifunika ukungu kila asubuhi, kisha akanipa mimi, mtoto wa mkulima wa maharage, kazi ya kufundisha lugha ambayo hakuna mtu sokoni anayeizungumza. Sifa ni zake. Amenivumilia miaka yote hii, na wanafunzi wangu wamejifunza uvumilivu kwa kukaa mbele yangu.

Nimestaafu mwaka huu. Walimu vijana wa seminari, mmeniomba niandike machache kuhusu kazi niliyowaachia. Mambo ya vyeo nayaacha, maana vilikuwa vichache. Mshahara nao mnaujua, kwa sababu ni huohuo wenu. Nitaandika habari za Padri Melkiori, aliyenifundisha kufundisha, na habari za siku moja ngumu katika nyumba ya mapadri wagonjwa pale Kasulu. Nimeifikiria siku hiyo kuliko mitihani yote niliyosahihisha.

Nilizaliwa upande wa Kakonko, wakati ule bado ni wilaya ya Kibondo. Nilisoma hadi seminari kuu nikitegemea kuwa padri, kisha nikaona wito wangu ni wa ndoa. Mungu alilielewa jambo hilo mapema kuliko baba yangu. Kilichobaki mikononi mwangu ni Kilatini, na mwenye Kilatini bila daraja takatifu hana mahali pengi pa kwenda. Seminari ndogo iliyo mlimani nje ya Kasulu ilikuwa inatafuta mwalimu, nikaenda na sanduku la bati na viatu vilivyopakwa rangi upya.

Siku ya kwanza nilifika nimeshika chaki yangu mwenyewe, kwa sababu niliambiwa chaki ni shida. Padri Melkiori alinipokea nje ya darasa. Alikuwa Muha mwenzangu, mtu mfupi mwenye mabega mapana, kanzu yake imefungwa kiunoni kwa kamba. Aliitazama chaki, akaichukua, akaitia mfukoni. Akanipa jembe.

"Mwakeye, Mwalimu," akasema, salamu yetu ya asubuhi. "Unajua kulima?"

"Najua, Padri."

"Basi Kilatini utakiweza."

Akanipeleka kwenye shamba la maharage lililo nyuma ya jiko. Kidato cha tatu walikuwa wamesimama kwa mstari, kila mmoja na jembe lake. Padri akatamka mstari wa shairi kwa sauti kubwa, na wavulana wakaurudia huku wakipiga ardhi. Mashairi yale ya Warumi yana mapigo sita kwa kila mstari. Padri alikuwa amegundua kwamba mtu analima mara sita kwa raha, kisha anainuka kuvuta pumzi. Kwa hiyo kila mstari ulikuwa na mapigo sita na pumzi moja, na mwisho wa kipindi tulikuwa na mistari kichwani na matuta nyuma yetu. Maharage yale yaliliwa na vizazi vingi vya mapadri. Nawashauri mjaribu. Vitabu vinaliwa na mchwa, lakini kitu kilichoingia mwilini kwa jembe hakitoki kirahisi.

Shairi lenyewe lilinishtua. Mtungaji alikuwa Mrumi wa kale. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa ninyi mnalijua, na asiyelijua hatapungukiwa kitu. Aliishi duniani wakati Bwana wetu alipokuwa mtoto mdogo, wala hakuwa na habari. Aliisimulia miungu ya kwao kama mtu anavyosimulia majirani aliowachoka. Mungu wao mkuu, mwenye radi mkononi, alikuwa anawafukuza wasichana huku akimwogopa mke wake. Mara ajigeuze ng'ombe dume, mara ajifiche ndani ya wingu. Mkewe naye alikuwa na wivu wa kuunguza msitu.

Hata uumbaji aliusimulia bila kuvua kofia. Alisema mwanzo vitu vyote vilikuwa vimechanganyika, baridi na joto, kavu na majimaji, kisha akaja mungu fulani akavitenganisha. Mungu yupi? Hakujali kusema. Ni kama mtu anayekuambia kuna fundi mmoja alimtengenezea mlango, kisha anaendelea na habari nyingine. Kuhusu asili ya mwanadamu alitoa maelezo mawili, hakuchagua, akasonga mbele.

Jioni ile ya kwanza nilimwuliza Padri, kwa adabu yote ya mtu mgeni, kama hakuna kitabu kingine kinachofaa zaidi kwa vijana wanaojiandaa kusimama altareni.

Akacheka. "Ulichukizwa na ng'ombe dume au na yule mungu asiye na jina?"

"Na vyote viwili, Padri."

"Ng'ombe dume atawafundisha wavulana kwamba miungu ya kutungwa hufanana na wanaoitunga. Hilo ni somo la bure. Lakini huyu asiye na jina..." Akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. "Ona jinsi alivyouona uumbaji, Mwalimu. Aliona samaki walivyopewa maji na ndege walivyopewa hewa. Aliona kwamba mnyama anatazama chini lakini mtu amepewa uso wa kutazama juu. Macho yote hayo, mdomo wote ule, na hakuwa na wa kumwambia asante. Mimi namhurumia."

Sikujua kama anatania. Ilipofika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, nikamwona akiandika jina la yule Mrumi pamoja na majina ya wazazi wake na kulitia katika bahasha ya misa. Mtunza sakristia, mtu makini sana, alimwuliza huyu marehemu ni wa kigango kipi.

"Ni wa mbali," Padri akajibu. "Hana watu huku."

Alifanya hivyo kila mwaka. Nilipozoea, nilianza kuchangia.

Miaka ilikwenda. Kazi yetu ilikuwa na zana chache: ubao wenye ufa, kamusi moja iliyoshonwa kwa uzi wa viatu, na mashine ya kudurufu iliyotoa karatasi zenye harufu kali na herufi za zambarau. Mashine ilipokufa tulirudi kwenye majembe. Wavulana waliuliza maswali ambayo hayamo kwenye muhtasari. Nilipowaambia kwamba mfalme alimkasirikia yule mshairi, akamfukuza Roma, akafia ugenini pwani ya bahari yenye baridi, kijana mmoja wa vijiji vya jirani na kambi ya wakimbizi ya Mtendeli aliinua mkono.

"Mwalimu, huko alipewa kadi ya mgao?"

"Hapana."

"Hata turubai?"

"Hata turubai."

Darasa zima likasikitika. Tangu siku ile hawakumwita tena mpagani. Walimwita mkimbizi.

Kesi ngumu nazo zilikuwepo. Baba wa mwanafunzi mmoja, katekista mwenye heshima kubwa, aliendesha baiskeli kutoka kijijini kwake kuja kutulalamikia. Mwanawe alikuwa ameuliza mezani, mbele ya wageni, kama Mungu ana mke. Mimi nilianza kuomba radhi. Padri Melkiori alimletea kiti na chai, kisha akamweleza kwa utaratibu tofauti iliyopo kati ya Muumba na vikaragosi vya Warumi, mpaka mzee yule akatulia. Ndipo Padri akauliza:

"Na sisi Waha, Mzee, tulisimulia nini kuhusu uumbaji kabla ya wamisionari?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Hizo hatuzisimulii, Padri."

"Kwa nini?"

"Ni za giza."

"Za Warumi je?"

"Za Warumi ni za shule."

Padri hakubishana naye. Alimsindikiza hadi njia panda akiwa ameshika usukani wa baiskeli yake. Aliporudi alisema tu kwamba ni jambo la ajabu, tunawasamehe bibi za watu wengine na kuwakana bibi zetu. Niliandika sentensi hiyo ndani ya jalada la kamusi, kisha nikaendelea na kazi. Kuna maneno ambayo mtu huyaweka mahali salama kwa sababu hana nafasi ya kuyafikiria.

Padri alizeeka. Aliacha kufundisha, akabaki kuungamisha na kupalilia. Miaka miwili kabla sijastaafu akapigwa na kiharusi akiwa shambani. Upande wake wote wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakaondoka. Kiswahili kiliondoka. Kiha, lugha aliyonyonya nayo, kiliondoka. Alinitazama kwa macho ya mtu anayekujua, akafungua mdomo, hakuna kitu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa mchana, watu waliniona.

Walimpeleka katika nyumba ya mapadri wagonjwa inayosimamiwa na Sista Konsolata, mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye ufunguo wa kila mlango na jibu la kila daktari. Baada ya majuma kadhaa akanipigia simu, sauti yake ina furaha.

"Mwalimu, njoo. Padri amerudi kusema. Anasali Kilatini mfululizo. Watu wanamiminika."

Nilichukua bodaboda saa hiyohiyo. Nilimkuta Padri barazani, kwenye kiti chenye mito, blanketi magotini. Mbele yake, sakafuni, wamepiga magoti akina mama labda ishirini na wazee wachache, rozari mikononi. Padri alikuwa anasema kwa sauti nzuri, yenye nguvu, bila kukwama, na vidole vya mkono wake wa kushoto vinapiga egemeo la kiti: mara sita, pumzi, mara sita, pumzi. Alipovuta pumzi, wale watu waliinamisha vichwa.

"Amina."

Nilisikiliza. Mungu mkuu wa Warumi alikuwa amefumaniwa na msichana kando ya mto. Kwa kumwogopa mkewe amemgeuza yule msichana mtamba mweupe, na sasa mke ameshuka kutoka mbinguni, anauliza huyu ng'ombe mzuri hivi ni wa nani.

"Amina," wakajibu.

Mume anasema ng'ombe huyu ameota tu ardhini, hajui alikotoka.

"Amina."

Nami nilipiga magoti, kwa sababu kusimama peke yangu kungeonekana, na nikaufunika uso kwa viganja. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu aliyaona mabega yangu yakitikisika, akanipapasa mgongoni. "Lia tu, baba," akaninong'oneza. "Ni maneno mazito."

Ilipokwisha, Sista Konsolata alinivuta ofisini kwake. "Ni sala gani hizo? Mimi nilijua Salamu Maria tu kwa Kilatini, hizi sijawahi kuzisikia."

"Sista, si sala. Ni hadithi za miungu ya Warumi. Ndizo alizotufundishia."

Akakaa. "Zote?"

"Hii ya leo, mungu mkuu alikuwa anamdanganya mke wake kuhusu ng'ombe."

"Na watu wakajibu Amina."

"Kwa sauti, Sista."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaifuta miwani muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Tuwaache, Mwalimu," akasema. "Wanamwomba Mungu, hawamwombi ng'ombe. Naye anawaona, anafurahi, anakula. Kabla hawajaanza kuja alikuwa anageukia ukuta. Nikiwaambia, hawatarudi, na yeye atageuka tena."

Nilimwelewa. Nilikubali nisiitangaze habari ile barabarani. Lakini nilimwambia kwamba mtu akiniuliza uso kwa uso, nitamjibu ilivyo. Nimefundisha vijana miaka mingi kwamba Mungu hatetewi kwa uongo, na nilikuwa mzee mno kubadilisha somo.

Aliyeniuliza alikuwa Anisia.

Alikuja kila Jumamosi kwa basi kutoka Kibondo, ambako alikuwa na kibanda cha kuuza maharage na unga wa muhogo sokoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno machache, mjamzito. Alizoea kukaa mbele kabisa na kulisogeza tumbo lake karibu na kiti cha Padri, kama mtu anayesogeza chungu karibu na moto. Jumamosi moja wengine walikuwa wameanza kusimama na kukunja kanga walizopigia magoti. Yeye hakusimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Wanasema wewe unaijua lugha hii."

"Marahaba, mama. Ninaijua kidogo."

"Niambie anavyomwombea mtoto wangu. Nataka niyajue maneno, niwe nayarudia nikiwa nyumbani."

Sista Konsolata alikuwa mlangoni na sinia la dawa. Nilichutama, kwa sababu habari kama hiyo haifai kutolewa na mtu aliyesimama.

"Mama, sitakudanganya. Hamwombei. Ugonjwa umemwondolea sala zote, hata Baba Yetu. Alichobakiwa nacho ni mashairi ya zamani ya Warumi, hadithi za miungu yao. Anayasema kwa sababu ndiyo tu yanayotoka."

"Hajui kwamba nina mimba?"

"Sijui anachokijua. Lakini maneno hayakuhusu wewe."

Hakulia. Alivuta kanga yake ikamfunika vizuri tumboni. "Watoto wangu hawafiki," akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu angetaja bei ya unga. "Wanafika mwezi wa saba, wa nane, wanatoka wamelala. Mama mkwe anasema ni mimi. Bibi yangu alinizoeza kuacha maji chunguni kila usiku kabla ya kulala, kidogo tu, ya Imana."

Kwa wasiojua: Imana ndilo jina la Mungu katika Kiha, tangu kabla ya kanisa lolote kujengwa huku. Bibi zetu waliamini kwamba Yeye hupita nyumba kwa nyumba usiku, akimfinyanga mtoto tumboni mwa mama yake, na kwamba haifai afike akute chungu kikavu.

"Mama mkwe akaona," Anisia akaendelea. "Akasema ninawawekea mizimu maji, ndiyo maana inachukua watoto. Nikaacha. Yule aliyefuata naye akafa. Sasa sijui, Mwalimu. Sijui wamekufa kwa sababu niliweka, au kwa sababu niliacha. Nilisema nije kwa Padri, aniombee kwa lugha ambayo mizimu haiielewi."

Wenzangu, nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote nikisimulia jinsi watu wa kale walivyowaza habari za uumbaji, na wavulana wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sikuweza kucheka pale. Ilikuwa hadithi ya uumbaji kama zile nyingine, lakini hii ilikuwa imeketi mbele yangu, miguu imevimba, ikingoja jibu.

Na wakati wote huo Padri alikuwa anaendelea kusema, vidole vinapiga egemeo. Anisia akageuka.

"Sasa hivi anasema nini?"

Nikasikiliza. Alikuwa ameiacha hadithi ya yule mtamba, amerudi mwanzo kabisa mwa shairi, kama alivyokuwa akifanya.

"Anasema habari za mtu wa kwanza," nikamwambia. "Kwamba dunia ilikuwa mpya, na udongo ulikuwa bado una kitu cha mbinguni ndani yake. Akaja mmoja, akauchanganya udongo huo na maji ya mvua, akafinyanga mtu."

"Maji?"

"Ndiyo. Maji ya mvua."

"Warumi walisema hivyo?"

"Mshairi wao mmoja. Hakuwa mtu wa dini sana."

Akafikiri. "Basi aliwasikia wapi bibi zetu?"

"Hakuwasikia. Nadhani kila mtu aliyeutazama udongo na kumtazama mtoto mchanga amewaza hivyo. Hata Maandiko Matakatifu yanasema ukungu ulipanda ukainywesha ardhi, ndipo Mungu akamuumba mtu kwa mavumbi." Nikamwambia na mengine, polepole, kwa Kiha sasa, kwa sababu Kiswahili ni chetu cha shule na sokoni, na jambo hili halikuwa la huko. Nilimwambia Mungu anayemfinyanga mtoto ndiye aliyeifanya mvua, hawezi kukwama kwa kukosa kikombe cha maji chunguni, wala hawezi kumwua mtoto kwa sababu mama aliweka kikombe. Nilimwambia bibi yake hakuwa anawalisha mizimu. Alikuwa anamkaribisha Mgeni kwa alichokuwa nacho. "Hukuwaua wanao, mama. Si kwa kuweka, si kwa kuacha. Na kliniki unakwenda?"

"Nakwenda."

"Endelea kwenda. Usikose hata siku moja."

Hapo ndipo alipolia. Sista Konsolata aliweka sinia chini, akaja akakaa sakafuni pamoja naye, bila kujali gauni lake jeupe, akamshika. Sista aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshaandaa maneno makali ya kunipa, akayasahau.

Wale wengine, mnavyowajua watu wetu, hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamesimama hatua chache, wamesikia kila kitu. Yule bibi aliyenipapasa mgongo, Bibi Skolastika, alikuwa wa kwanza kusogea. Ana umri wa kutomwogopa mtu.

"Mwalimu. Kwa hiyo majuma yote haya tumempigia magoti nani?"

"Mmempigia Mungu, Bibi. Ila maneno yalikuwa ya hadithi. Juzi ilikuwa ya ng'ombe."

"Ng'ombe!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Magoti yangu haya, kwa ng'ombe." Kisha akanirudia. "Ng'ombe wa nani?"

Nikawasimulia. Walikaa tena chini wote. Nilipofika mahali mume anaposema kwamba ng'ombe ameota ardhini, walicheka hadi mmoja akashika ukuta.

"Wanaume!" akasema Bibi Skolastika. "Hata mungu wao! Na yule binti alibaki ng'ombe?"

"Hapana. Baada ya mateso mengi alirudishwa kuwa mtu. Mshairi anasema alisimama kwa miguu miwili, akaogopa kusema, asije akatoa sauti ya ng'ombe."

Wote kwa pamoja wakamgeukia Padri Melkiori, aliyekuwa ametulia kidogo akiangalia vicheko vile, na nadhani kila mmoja aliwaza jambo moja.

"Maskini baba yetu," Bibi Skolastika akasema. Akajiinua, akapiga magoti tena, taratibu, mkono mmoja begani mwa Anisia. "Sasa zamu yetu. Yeye ametuombea tangu tulipokuwa watoto wa kipaimara. Kama amesahau, sisi hatujasahau." Akaanza Baba Yetu kwa Kiha, wakamfuata.

Vidole vya Padri viliacha kupiga. Hakusema mstari hata mmoja mpaka walipomaliza. Alisikiliza tu, uso umenyooka, kama alivyokuwa akinisikiliza mimi nilipokuwa mwalimu mgeni na sijui kazi.

Hawakuacha kuja, kinyume na hofu ya Sista. Waliongezeka. Jumamosi zikawa na utaratibu mpya: Padri anasema mashairi yake, mimi natafsiri, wanacheka au wanasikitika, kisha wanamwombea. Wazee wawili walianza kusimulia hadithi za bibi zao, kwa aibu mwanzoni, kwa kushindana baadaye. Ndilo darasa bora nililowahi kufundisha, na halikuwa na mtihani. Ninyi mnaonifuata, siwaambii muache kuwachekesha wavulana kwa miungu ya Warumi. Wachekesheni. Lakini muwaulize pia bibi zao waliacha nini chunguni, na muwasikilize kwa uso uleule mliousomea vitabu.

Anisia hakuja tena baada ya Jumamosi mbili. Mwezi wa nane wa mimba yake ulifika, hatukupata habari. Sista Konsolata alikuwa na namba yake ya simu lakini hakuthubutu kupiga. Mimi nilisali sala fupi, kwa kuwa ndefu zilinishinda. Ninasema wazi kwamba niliogopa. Nilikuwa nimemwondolea maneno aliyoyashikilia, na sikuwa na uhakika kama nilichompa badala yake kingemshika.

Alikuja mvua zilipoanza, juu ya bodaboda iliyojaa matope, na kitu kimefungwa mgongoni ndani ya kanga mbili na sweta. Alizaa hospitali ya Kibondo. Ni msichana, anaitwa Irakoze, yaani Mungu ashukuriwe. Sijui kwa nini huyu ameishi na wale wengine hawakuishi. Nimesoma vitabu vingi vinavyolijibu swali hilo, na hakuna hata kimoja ambacho ningethubutu kukisoma mbele ya mama yule.

Padri alikuwa amedhoofika sana kufikia siku hiyo. Hata mashairi yalikuwa yamekwisha. Hakuwa amesema neno kwa majuma. Anisia alipiga magoti mbele ya kiti, akamfungua mtoto, akamweka kwenye blanketi, juu ya magoti ya mzee.

"Padri," akamwambia. "Huyu ndiye."

Alimtazama mtoto. Kisha mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala kwenye egemeo, ukainuka. Mnajua kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, wala haumsalimu mtu, na Padri Melkiori alikuwa mkali wa adabu kuliko mtu yeyote. Ulisimama hewani, kana kwamba unaomba ruhusa. Anisia akauelewa. Akainamisha kichwa chake mwenyewe kwanza, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha hadi usoni pa mtoto. Kidole gumba kikatafuta paji la uso, kikashuka polepole, kikasimama, kikavuka toka kushoto kwenda kulia. Msalaba. Ulikuwa umepinda kidogo. Mtoto alikunja uso akapiga chafya.

"Amina," akasema Anisia, na safari hii hakuna aliyehitaji kumtafsiria.

Tulimzika Padri Melkiori kabla ya Noeli, ardhi ikiwa laini.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kijana wa ualimu au mtu mwingine yeyote, Mungu aliyekufinyanga akujue kwa jina hata siku utakapolisahau la kwake. Akujalie wa kukufundisha kwa upole na wa kukuombea ulimi wako utakapochoka. Na mkono wowote utakaobaki nao, aukubali.